Diski (hard disk) ya terabaiti 8 kwa kompyuta ya sinema Kisumu: ipi ununue, ipi uiache

Kwa kompyuta ya kutazamia sinema sebuleni, WD (Western Digital) Red Plus ya terabaiti 8 ndiyo chaguo letu la kwanza. Ikikosekana madukani mjini, chukua WD Purple au Seagate SkyHawk ya ukubwa huohuo. Hatukuzichagua kwa kasi. Sinema ya Blu-ray ya 4K, ambayo ni miongoni mwa picha nzito kabisa zitakazofika kwenye runinga ya nyumbani, haizidi megabiti 128 kwa sekunde, yaani megabaiti 16. Diski kubwa za sasa husoma mara kadhaa ya hapo hata zikijaa pomoni. Muuzaji akikusifia mizunguko 7,200 kwa dakika, ujue kwa kazi hii anakuongezea joto na mngurumo tu. Red Plus ya 8 huzunguka 5,640. IronWolf ST8000VN004 ya Seagate huzunguka 7,200. Ni diski imara, lakini Kisumu mchana hewa yenyewe iko karibu nyuzi 30, na kasha la kompyuta mara nyingi limesukumwa ndani ya kabati la runinga lisilopitisha hewa. Lenga diski ikae chini ya nyuzi 45. Feni moja ya milimita 120 inayopuliza polepole mbele ya diski hutosha, mradi nyuma ya kabati pawe wazi.

Usishtuke Windows ikikuonyesha 7.27 badala ya 8. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Hapo huingia takriban sinema 1,600 za gigabaiti 5, au 160 za gigabaiti 50.

Jambo linalowaponza wanunuzi wengi ni namna diski inavyoandika. Kuna CMR, ambayo huandika njia zake zikiwa zimeachana, na kuna SMR, ambayo huzilaza moja juu ya ukingo wa nyingine kama mabati ya paa. Kusoma hakuna tofauti. Kuandika upya ndiko kwenye taabu: ukitaka kubadilisha bati la chini, sharti uinue yaliyolilalia na kuyarudisha. Diski ya SMR huficha kazi hiyo kwa kuweka data kwanza kwenye eneo dogo la muda, kisha kuipanga ikiwa haina shughuli. Ukinakili sinema tano huoni lolote. Ukihamisha terabaiti 3 kutoka diski ya zamani kwa mkupuo, eneo lile linaweza kujaa na kasi ikaporomoka kutoka megabaiti 180 hadi 30 kwa sekunde au chini zaidi. Watu hudhani diski imekufa na kuichomoa katikati ya kazi, jambo ambalo huharibu mafaili.

Seagate Barracuda ST8000DM004 ni SMR. WD Blue WD80EAZZ ni CMR, na kwa mwenye diski moja tu ni ununuzi mzuri. IronWolf zote ni CMR. Kwa WD Red soma neno la pili: mwaka 2020 ilibainika kwamba Red za kawaida za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila wanunuzi kuelezwa, ndipo WD ikatenga jina Red Plus kwa zile za CMR. Kwa hiyo nenda dukani na namba kamili ya modeli, si jina la familia. Barracuda si ya kutupwa, tena inafaa sana kama diski ya akiba: nakili mara moja kwa mwezi, ichomoe, iweke kabatini. Kuweka diski mbili kwenye RAID, ambapo kila kitu huandikwa kote kuwili, si akiba. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, linafutika kote kuwili.

Purple na SkyHawk zimetengenezewa kamera za usalama, na pengine fundi atakuambia hazifai kwa kompyuta. Zinafaa. Amri zake za pekee za kurekodi hutumika tu kifaa cha kamera kinapoziomba. Kwenye kompyuta hufanya kazi kama diski nyingine yoyote.

Kabla ya kulipa, pima kompyuta yenyewe. Dell OptiPlex Micro haina nafasi ya diski ya inchi 3.5, na zile za inchi 2.5 za terabaiti 5 zina unene wa milimita 15, kwa hiyo haziingii. Hapo nunua diski ya nje yenye adapta yake ya volti 12, kama WD Elements Desktop, na uichomeke kwenye USB 3. Kwenye makasha ya zamani, angalia matundu ya skrubu: diski nyingi kubwa hazina tundu la katikati ubavuni, na fundi hulazimika kuifunga kwa skrubu mbili tu. Diski iliyolegea hutetemeka, na mtetemo huifanya ikosee kusoma. Wakati wa kuanza kuzunguka hunywa karibu ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Sapulai dhaifu itakupa kompyuta inayojizima kila ikiwashwa.

Stima ya magharibi inahitaji uangalifu wa pekee. Kila inapopotea ghafla, kichwa cha diski hurudishwa kwa nguvu, na idadi hiyo huhesabiwa kwenye namba 192 ya SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. UPS (betri ya dharura) ya VA 650 hutosha kuizima kompyuta kwa utaratibu, si kumalizia sinema. Radi zikianza alasiri, chomoa plagi pamoja na waya wa antena na wa intaneti, maana radi hupitia huko pia. Unapotayarisha diski, kwenye mpango wa kuigawa chagua GPT, kwani ule wa zamani, MBR, haifiki zaidi ya terabaiti 2. Kwa mfumo wa kupanga mafaili, weka NTFS kwa Windows au ext4 kwa Linux. exFAT haina kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo stima ikikatika katikati ya kuandika, folda nzima inaweza kutoweka.

Kifaa cha ukubwa wa kiberiti kilichoandikwa 16TB kwa bei ya chini ni bandia. Hudanganya ukubwa wake na kuandika juu ya data ya mwanzo. Programu ya H2testw au F3 itakifichua.

Siku ya kwanza fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma SMART. Namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu, ziwe sifuri, na saa za kazi kwenye namba 9 ziwe chache mno. Hesabu hizo hufutwa na wauzaji wa mtumba, kwa hiyo kwa Seagate tumia pia amri ya smartctl -l farm, inayoonyesha rekodi ya ndani ambayo ni vigumu kuifuta. Kisha endesha smartctl -t long, jaribio refu la diski nzima. Terabaiti 8 huchukua saa 12 na zaidi, basi ianze usiku. Namba 199, inayohesabu makosa ya kusafirisha data, ikipanda, badilisha waya wa SATA kabla ya kuilaumu diski. Linganisha namba ya mfululizo (serial number) iliyo kwenye kibandiko na tovuti ya kiwanda: Red Plus mpya huja na waranti ya miaka 3, na tovuti ikionyesha imekwisha, irudishe siku hiyohiyo ukiwa na risiti.