Kozi ya parachuti: angani walinifundisha vizuri, kutua kukanivunja mguu

Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya. Fedha za kozi nilizidunduliza kwenye viazi misimu mitatu, kisha nikasafiri hadi pwani ya Kenya kujifunza kuruka na parachuti. Chuo sikitaji. Nilirudi na hogo, ile plasta ngumu, mguuni, na pale mlima Kitonga kila basi lilipokata kona mguu ulipwita hadi machozi yakanitoka.

Kwanza niwape haki yao. Mafunzo ya angani ni ya uhakika. Wakufunzi wawili wanaruka nawe wamekushika huku na huku, unasoma altimita, kipima kimo, mkononi, ukifika futi 5,500 unafungua. Hayo tuliyarudia ardhini mpaka mikono ikayazoea. Parachuti wanalokupa ni kubwa, la wanafunzi, linashuka taratibu, na kwenye helmeti kuna redio ya kukuelekeza kutoka chini.

Shida iko kwenye mita kumi za mwisho. Ukibakiza kama mita tatu kugusa ardhi, unavuta breki zote mbili, yaani zile kamba za mikononi, hadi chini ili mwendo upungue. Mruko wangu wa nne nilitazama miguuni badala ya kutazama mbele. Nyasi zikanijia mbio, nikavuta nikiwa bado juu, kimo cha kupita paa la nyumba. Nilipoona nimewahi, nikaachia breki. Hapo ndipo nilipoharibu. Parachuti likachupa mbele, nikashuka kama gunia la viazi, mguu wa kulia umetangulia peke yake. Niliusikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu.

Nilitakiwa niache mikono palepale, nibane miguu na magoti pamoja, nikigusa chini nibiringike: nyayo, ubavu wa mguu, paja, kalio, kisha mgongo upande mmoja. Darasani tulitajiwa. Lakini mbiringiko wenyewe tuliufanya mara tatu tu, juu ya godoro, jioni, watu wamechoka. Mwili haukuwa umeujua, na mita sita juu ya ardhi huna muda wa kukumbuka somo.

Mama anayenifanyisha mazoezi ya viungo hapa Mbeya aliupapasa mguu akauliza, "Mwanangu, ulitanguliza mmoja?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana. Miwili ingegawana mzigo."

Hogo nilikaa nalo wiki sita. Mwanafunzi mwenzangu mmoja naye aliteguka kifundo wiki ileile, kwa kosa lilelile la kunyoosha mguu kuitafuta ardhi.

Kwa hiyo ukitaka kozi kama hii, kabla hujalipa uliza mtafanya mbiringiko mara ngapi na kutoka kimo gani. Wakikujibu juujuu, tafuta kwingine. Vaa viatu vinavyoshika kifundo. Na anayeota kuruka huku kwetu ajue kwamba mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, parachuti lilelile hutua kwa kasi kuliko pwani.

Mafunzo ya angani nawapa nyota tano. Ya kutua, mbili.

Nitarudi kumalizia. Kila jioni naruka kutoka kwenye benchi la uwanja wa mpira, miguu imebanwa, mara ishirini kushoto, mara ishirini kulia. Baridi hii ya Julai kifundo bado kinauma asubuhi, kwa hiyo kwanza nakikanda na maji ya moto.