Uzoefu wangu: karatasi nne za picha na kuzibua hedi, hapa Mtwara

Kwa misimu miwili ya mvua na kusi yake nimechapa aina nne za karatasi kwenye printa ya A4 ya matangi, wino sita wa dai, yaani rangi iliyoyeyuka majini. Kazi ni picha za harusi, picha za vinyago kwa wachongaji wanaouzia wageni, na picha kubwa za fremu kwa nyumba za kulala wageni za Mikindani. Nimeweka karatasi na hedi, yaani kichwa cha printa kinachorusha wino, kwenye andiko moja kwa makusudi. Karatasi mbovu huziba hedi, na hedi iliyoziba humfanya mtu alaumu karatasi nzuri.

Picha ya majaribio ni moja kwa zote: kinyago cha mpingo juu ya kanga nyekundu, kimepigwa kando ya dirisha. Mpingo hausamehe. Kwenye karatasi dhaifu mikunjo ya uso inageuka doa moja jeusi, au weusi wenyewe unakuwa rangi ya jivu. Kwenye karatasi nzuri unaona mpaka njia ya patasi.

Naanza na ya chini: glosi, yaani ya kung'aa, ya gramu 230 kwa mita ya mraba, ya steshenari, karatasi 20 kwa pakiti. Mgongo wake ni karatasi tupu. Dondoshea tone la maji mgongoni: likinywewa, ndiyo hiyo, likikaa kama juu ya plastiki, hiyo ni karatasi ya resini. Kwa pasipoti saizi inatosha. Kwa picha ya ukutani hapa pwani, hapana. Ina koti, lile tabaka la kupokea wino, upande mmoja tu, hivyo unyevu unaingilia mgongoni na karatasi inaanza kujiviringa kama mkeka. Kona ikiinuka milimita moja au mbili, hedi inaigonga inapopita, inapaka wino ukingoni, kisha inazoa unga wa koti na kuupeleka kwenye waipa, kile kimpira kinachofuta hedi. Hapo ndipo kuziba kunapoanzia, na watu wengi hawahusishi mambo hayo mawili.

Ya pili ni resini nusu glosi, gramu 260. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi ya kila siku. Ina plastiki mbele na nyuma, kwa hiyo mvua za Desemba hadi Aprili haziipindi kirahisi. Uso wake una vinundu vidogo kama ganda la chungwa, vinavyoficha alama za vidole na kupunguza mng'ao wa taa. Nyekundu ya kanga inatoka na moto wake. Udhaifu uko kwenye kukauka. Ukigusa utadhani imekauka, lakini wino una vimiminika vinavyotoka polepole, na ukiifungia chini ya kioo siku hiyohiyo, baada ya siku chache kioo kinaota ukungu kwa ndani. Laza karatasi nyeupe ya kawaida juu ya picha kwa muda wa saa 24, na ukiona imeanza kujikunja weka nyingine. Wakati wa mvua nangoja saa 48, na mteja anayesema ana haraka namweleza sababu.

Barita ni ya tatu, na kwa mpingo haina mpinzani. Niliyotumia ni Canson Infinity Baryta Photographique ya gramu 310. Chini ya koti la wino kuna tabaka la barium salfeti, kama zilivyokuwa karatasi za chumba cha giza enzi za filamu. Weusi unazama, na ndani ya weusi huo bado kuna maelezo: nyusi, chale za shavuni, nyufa za mti. Kanga inakaa vizuri bila kupiga kelele. Ila uso wake unachubuka upesi. Usilaze picha mbili uso kwa uso, shika pembeni, na usiipitishe kwenye printa ambayo roli zake zina vumbi, maana mkwaruzo kwenye eneo jeusi hauna dawa.

Ya nne ni pamba: Hahnemühle Photo Rag, gramu 308, pamba asilimia 100, mati. Hicho ni kiwanda cha Ujerumani kinachotengeneza karatasi tangu mwaka 1584, na ukiishika unaelewa. Hapa lazima niseme jambo linalowakwaza wengi: weusi wa karatasi ya mati haufiki weusi wa barita, kwa sababu uso usiong'aa unatawanya mwanga. Kinyago changu kilitoka laini, kama kimepakwa masizi. Lakini kuta za matumbawe za Mikindani, nyavu zilizoanikwa, uso wa bibi aliyekaa kibarazani, vyote hivyo vinapendeza kwenye pamba kuliko popote. Kwa hiyo chagua karatasi kwa kuangalia picha, usiangalie bei. Na bei yake ni mara kadhaa ya resini.

Karatasi zote za pamba humwaga nyuzi. Ukichapa bila kuipangusa, uzi unalala juu ya karatasi, wino unaufunika, baadaye uzi unadondoka na kuacha kitone cheupe katikati ya anga. Pangusa kila karatasi kwa brashi pana laini, mara mbili tatu kuelekea upande mmoja, mbali na printa. Ingiza moja moja kwa njia ya nyuma, maana unene wake unakaribia nusu milimita, na uwashe chaguo la karatasi nene ili hedi ipande kidogo. Ukisahau upande wenye koti, lowesha ncha ya kidole uguse kona utakayoikata: upande unaonata ndio wa kuchapia.

Jaribio jingine rahisi linahitaji taa ya kukagua noti. Zima balbu, mulika karatasi. Ikiwaka buluu kali, imewekwa dawa nyingi ya kung'arisha weupe, na dawa hiyo inaisha nguvu kwa mwanga, hivyo weupe ule utageuka wa krimu. Ikibaki tulivu, weupe wake ni wa asili. Kwa picha ya maonyesho, chagua tulivu.

Na tuwe wakweli kwa wateja. Wino wa dai kwenye karatasi yoyote yenye koti la vitundu vidogo vinavyonywa wino hufifia kwa mwanga na kwa hewa, na picha iliyotundikwa wazi bila kioo ndiyo inayotangulia. Kuchapa dai kwenye pamba ya bei kubwa kisha kuuza kama kitu cha vizazi si haki. Anayetaka picha ya kudumu anahitaji wino wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka, na printa yake ni nyingine. Usithubutu kumimina pigimenti kwenye matangi yaliyokuwa na dai; zinaweza kugandana ndani ya mirija. Chupa zisizo na lebo pia niliacha kununua baada ya kuuziwa wino wa kuchapia fulana na vikombe kama wino wa picha. Rangi zake zinatoka zimepauka mpaka zipigwe joto.

Kwenye kompyuta, kosa linaloharibu karatasi nzuri kuliko yote ni kudanganya aina ya karatasi. Pamba ukiiita glosi, printa inamwaga wino mwingi, unazama na kusambaa, na mikunjo ya kinyago inajaa. Pamba chagua mati. Barita na resini chagua glosi au nusu glosi. Ukitumia profaili ya ICC, lile faili linaloeleza rangi za printa na karatasi yako, ruhusu programu ya picha isimamie rangi na uzime usimamizi wa rangi wa printa. Zikisimamia zote mbili, ngozi za watu zinatoka na wekundu wa ajabu.

Sasa hedi. Printa ikianza kutoa mistari, usikimbilie kubonyeza kusafisha. Chapa jaribio la nozeli, vile vitundu vya hedi vinavyotoa wino, mara mbili kwa kufuatana, zilaze karatasi pamoja. Mapengo yakikaa palepale, nozeli zimeziba kwa wino mkavu. Yakihamahama, kuna hewa kwenye mirija, na kusafisha mfululizo kunaweza kuvuta hewa zaidi. Rangi nzima ikipotea, angalia kwanza kama tangi liko chini ya mstari, au kama printa yako ina kifungo cha kufunga wino wakati wa kusafirisha na kimebaki kimefungwa.

Kwa hewa, dawa ni subira. Jaza tangi, zima kwa kitufe, acha saa 12, kisha jaribu tena.

Kwa kuziba, safisha kwa kitufe mara moja, jaribu. Mara ya pili, jaribu. Ya tatu, simama. Kila usafishaji unapeleka wino kwenye sifongo la taka chini ya printa, na sifongo hilo likijaa printa inagoma kabisa. Baada ya hapo kazi ni ya mkono.

Unahitaji bomba la sindano la mililita 5, pamba za masikio, taulo za karatasi, na maji yaliyochujwa chumvi. Wengi tunanunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Soma lebo vizuri sana, kwa sababu maji ya kuongezea na asidi ya betri vinauzwa rafu moja, na wengine wanaviita jina moja. Asidi itaua hedi, na itakuunguza. Maji ya bomba yana chumvi, yaache. Spiriti ya buluu pia siiweki kwenye hedi.

Washa printa, na hedi ikishatoka kwenye maegesho yake chomoa waya ukutani. Sasa inasogea kwa mkono. Pale ilipotoka utaona kifuniko cha mpira chenye sifongo dogo ndani, na pembeni yake waipa, kile kipande cha mpira kilichosimama. Tazama waipa kwa tochi. Mara nyingi utakuta shungi la nyuzi na unga lililoloa wino mweusi, limekaa kama uji uliokauka. Waipa ya namna hiyo haifuti, inapaka: kila hedi ikipita, inasukumiwa uchafu ndani ya nozeli. Futa kwa pamba ya sikio iliyoloa, pande zote mbili, mpaka pamba itoke safi. Fanya hivyo pia kwenye midomo ya kifuniko, maana unywele mmoja pale unatosha kuingiza hewa usiku kucha.

Kisha dondoshea maji kwenye kifuniko, mililita 3 hivi, mpaka yakaribie ukingo bila kumwagika. Rudisha hedi juu yake taratibu, iache usiku mzima. Asubuhi chomeka, washa, safisha mara moja kwa kitufe. Sasa chungulia kifuniko. Maji yakiwa yamenyonywa, pampu ni nzima. Yakiwa yamebaki, bomba la taka limeziba, na hata ukibonyeza kusafisha mara ishirini hutapata kitu. Fungua bomba hilo kwanza. Mafundi wengi wanaruka hatua hii na kusema hedi imekufa.

Ikiwa bado kuna mapengo, kunja taulo ya karatasi iwe na upana wa sentimita 4, iloweshe, ilaze kwenye njia ya hedi, sogeza hedi juu yake, ngoja saa moja. Ukiitoa utaona michirizi ya rangi. Rangi isiyoacha mchirizi ndiyo iliyofungwa. Rudia hiyo mara mbili tatu kabla ya kufikiria kusukuma maji kwa sindano moja kwa moja. Hedi za piezo, zinazosukuma wino kwa mtikisiko badala ya joto, zile za Epson, hazitolewi kirahisi, na msukumo mkali unazivunja kwa ndani, rangi zikaanza kuchanganyikana. Printa nyingi za Canon hedi yake hutoka, hiyo ni nafuu. Kurasa za kwanza baada ya kuloweka zitatoka zimepauka, ni maji yaliyobaki. Chapa ukurasa mmoja uliojaa rangi kabla ya kugusa karatasi ya gharama.

Chanzo kingine kikubwa huku ni umeme. Ukikatika katikati ya picha, hedi inabaki nje, wazi, na joto letu linaikausha kwa saa chache. Ndiyo maana kuzima kwa swichi ya ukutani ni hatari: zima kwa kitufe cha printa, subiri hedi iegeshwe, ndipo uguse soketi. Printa ya wino haili umeme mwingi, UPS ndogo (betri ya akiba) ya 650 VA inaipa nafasi ya kumaliza na kujiegesha. Umeme ukirudi, iwashe hata kama huna kazi. Feni isiipulizie moja kwa moja. Mara mbili kwa wiki chapa mistari ya rangi zote sita kwenye mabaki ya resini, hasa Juni hadi Septemba hewa inapopungua unyevu.

Karatasi za pamba na barita naagiza Dar, zinakuja kwa basi. Mwambie muuzaji azibane katikati ya vipande viwili vya plaiwudi, afunge na nailoni, aandike upande wa kulaza. Kona ikibonyea, karatasi hiyo haiingii printa. Ukizipokea, zilaze ndani bila kuzifungua mpaka kesho yake, kisha toa unazochapa siku hiyo tu, zilizobaki rudisha kwenye nailoni yake na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, uzilaze bapa kabatini mbali na ukuta.