Mfuko wa kukaushia tope la njia ya meli: unafaa Kyela?

Mito inayoshuka kutoka Rungwe inaleta mashapo (mchanga na tope) ufukweni Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, kila masika, na njia ya meli ikishachimbwa, bandari ya Itungi au kwingineko, tope linabaki bila pa kukaa. Njia ya zamani ni bwawa la matuta. Tatizo lake ni mvua: Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na bwawa lililo wazi linakusanya maji kwa kasi kuliko tope linavyokauka. Hapo ndipo mfuko wa jiotekstaili, yaani kitambaa imara cha plastiki kinachopitisha maji na kubakiza tope, unapopata alama. Ukishajaa, mvua inateleza juu yake na maji ya ndani yanaendelea kuchuruzika.

Saizi inayofaa kuanza nayo ni ya mzunguko wa mita 13.7 na urefu wa mita 30. Ukiujaza hadi kimo cha mita 1.8 unatanuka upana wa karibu mita 6 na kubeba kama mita za ujazo 250. Haujai kwa mkupuo mmoja: unasukuma tope, unasubiri ushuke, unarudia mara tatu au nne.

Wengi wanaharibikiwa kwenye kitako. Sawazisha ardhi kwa pima maji, maana upande mmoja ukiinama mfuko unabingirika ukiwa umejaa, na hakuna kijiko (mashine ya kuchimba) cha kuuzuia. Tandika nailoni nzito, juu yake kokoto, na mfereji wa kupeleka maji kwenye shimo la kutulia kabla hayajarudi ziwani. Kibali cha kumwaga maji hayo kiombwe mapema.

Kimo nacho kisikadiriwe kwa macho. Simamisha miti miwili, funga kamba kwenye mita 1.8, na mwenye pampu aione kutoka alipo. Kamba ikiguswa, zima. Mishono inaweza kupasuka pampu ikiachwa dakika chache tu za ziada.

Dawa ya kugandisha chembe za tope, yaani polima, ndiyo inayoamua kama mfuko utatoa maji au utakaa umevimba. Bila dawa, mfinyanzi laini unaziba matundu ya kitambaa. Nyunyiza gramu 2 za polima polepole kwenye lita 1 ya maji yanayozunguka. Ukiimwaga yote pamoja inafanya mabonge kama ugali uliokorogwa vibaya. Iache saa moja. Kisha chukua chupa ya lita moja yenye tope, ongeza dawa kwa bomba la sindano, pindua mara kumi, mimina juu ya kipande cha kitambaa kilekile cha mfuko. Maji yakitoka maangavu, umepata kipimo. Ukizidisha, kitambaa kinateleza kama bamia na kuziba vilevile. Chagua polima yenye chaji hasi. Ile ya chaji chanya inashika mashavu ya samaki, na usipa na mbasa ndio kitoweo cha watu wa pale.

Tope la huku lina mawe mepesi ya volkano yanayoelea, basi weka chekecheo kabla ya pampu. Mchanga nao unatua palepale chini ya mdomo wa kujazia na kuacha nundu, hivyo hamisha mpira mdomo hadi mdomo. Kama sehemu kubwa ni mchanga mtupu, usinunue mfuko kabisa: rundo la kawaida lenye tuta linachuja siku chache na halina gharama ya kitambaa.

Lawama kwa wauzaji: maelekezo yanakuja bila ramani ya kitako, na kitambaa ni cha matumizi ya mara moja, kikipasuliwa kwa kisu ili malori ya tipa yachukue udongo, kinabaki taka. Jua nalo linakila. Kisikae miezi mingi bila kufunikwa.

Kwa tope laini la Kyela: nyota 4 kati ya 5. Kwa mchanga: 1.