Godot kwa Mwenye Kompyuta Dhaifu: Tathmini Baada ya Kuunda Gemu ya Bao

Nilipoanza mradi wangu wa kubuni gemu hapa Mtwara, kompyuta mpakato yangu ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4 na bando langu la intaneti lilikuwa la kuhesabia. Unity na Unreal, injini (yaani programu za kuundia gemu) zinazojulikana zaidi, zinataka gigabaiti kadhaa kabla hujaandika hata mstari mmoja, kwa hiyo niliangukia kwa Godot, injini iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kufanywa huria, yaani msimbo wake ukawa wazi kwa wote, mwaka 2014. Kifurushi chake hakifikii megabaiti 200 na programu hufunguka bila kusakinishwa, hivyo niliibeba kwenye flashi na kuiendesha popote nilipopata kompyuta. Leseni yake ya MIT haidai malipo hata gemu ikiuzwa. Waliofuatilia ada ya kila gemu inaposakinishwa, iliyotangazwa na Unity mwezi Septemba 2023, ikafutwa mwaka mmoja baadaye, wataelewa kwa nini nalitaja hili.

Nilichagua kuunda bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Hapo ndipo Godot iliponifurahisha zaidi, kwa kuwa gemu hujengwa kwa nodi, yaani vipande vidogo kama picha, sauti au maandishi, zinazokusanywa kuwa onyesho moja, na onyesho hilo laweza kurudiwa mara nyingi. Nilibuni shimo moja tu, likiwa na picha yake, idadi ya kete zake na ishara ya kutoa linapoguswa, kisha nikalirudia mara 32 na kuuachia ubao kazi ya kusikiliza ishara hizo. Lugha yake, GDScript, inafanana sana na Python, na aliyesoma Python muhula mmoja hatapotea.

Kosa langu kubwa lilikuwa la ubunifu, si la msimbo. Katika toleo la kwanza kete zote zilifika mashimoni kwa mkupuo, na wazee wawili wa Mikindani niliowaomba wacheze waliliacha mapema, wakisema hawaoni kete zinavyotembea. Walikuwa na haki. Mchezaji wa bao hufuata kila kete kwa macho ili ajue kama ya mwisho itakula au italala, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya utamu huo. Dawa yake ilikuwa neno moja la GDScript, await, linalosimamisha kazi hadi ishara fulani itolewe, kwa mfano ile ya kipima muda. Nikaweka sehemu ya tatu ya sekunde kati ya kete na kete, na wazee wale wale wakacheza hadi magharibi. Godot ilinipa neno hilo, lakini haikunifundisha kwamba nilihitaji kulitumia, na mwanafunzi anayetarajia injini imfundishe kubuni atakuwa amekosea mlango. Kanuni za namua na mtaji, hatua mbili za mchezo wa bao, nilizijaribu kwanza kwa komwe na mashimo niliyochimba mchangani Shangani, jambo lililoniokolea siku nyingi za kuandika msimbo ambao ningeufuta.

Upungufu upo. Kutoa gemu iende kwenye simu za Android kunahitaji kupakua violezo vya kutolea (mafaili ya Godot ya kufungashia gemu), programu ya Java na zana za kuundia programu za Android, vyote kwa pamoja vikiwa vizito mara nyingi kuliko injini yenyewe, na hapo sifa ya wepesi inapungua sana. Mwenye bando dogo aahirishe hatua hiyo hadi apate intaneti ya chuo. Maelezo rasmi ni mazuri, hasa somo la gemu ya kwanza ya 2D (michoro bapa), ila yanamtaka msomaji awe na Kiingereza kizuri.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani, unapofungua mradi mpya katika mfululizo wa Godot 4 chagua mfumo wa uchoraji uitwao Compatibility, unaotumia OpenGL, teknolojia ya michoro ambayo hata kompyuta za zamani huimudu. Mimi niliugundua wiki ya tatu, baada ya kuilaumu kompyuta bure.