Uzoefu wangu na DVD za Quatermass: sehemu mbili za kutazama, nne za kusoma

Kwa wiki tatu nimekuwa nikitazama The Quatermass Collection, seti ya DVD tatu iliyotolewa na BBC mwaka 2005, na ninaandika maoni haya kwa ajili ya wenzangu wanaopenda hadithi za kubuni za kisayansi lakini wanasita kutoa fedha zao kwa tamthilia kongwe ambayo sehemu yake kubwa haipo tena. Nilinunua kasha lililokwisha kutumika hapa Uingereza ninakoishi, nalo lilifika likiwa na ufa, ila diski zenyewe zilikuwa nzima.

Kiini cha seti hii ni The Quatermass Experiment, tamthilia ya televisheni ya sehemu sita iliyoandikwa na Nigel Kneale, ikaongozwa na Rudolph Cartier, na kurushwa moja kwa moja kutoka Alexandra Palace, London, kwa majuma sita, kuanzia Julai 18 hadi Agosti 22, 1953. Sehemu mbili za kwanza zilihifadhiwa kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni wakati waigizaji wakiwa kazini, lakini picha zilizopatikana hazikuridhisha, na nne zilizofuata hazikurekodiwa kabisa. Hakuna ghala zilikopotelea. Ziliishia pale pale zilipochezwa.

Sehemu ya kwanza ndiyo iliyonifunga. Roketi ya Profesa Bernard Quatermass inaangukia nyumba ya watu huko Wimbledon. Waliopaa walikuwa watatu, lakini mlango unapofunguliwa anatoka mmoja tu, Victor Carroon, na mavazi ya wenzake wawili yanakutwa mle ndani yakiwa yamefungwa vizuri, na hamna mtu ndani yake. Duncan Lamont, anayemwigiza Carroon, hasemi maneno mengi. Anatazama tu, kana kwamba nyuma ya macho yake kuna wengine wanaotazama pamoja naye, na uso ule ulinikosesha utulivu kuliko madude mengi niliyoyaona katika filamu za siku hizi. Katika sehemu ya pili utamwona mdudu akitembea juu ya picha: ni mdudu wa kweli, aliyetua kwenye kioo kile wakati wa kurekodi. Mwanzoni nilidhani televisheni yangu imeingiliwa. Nilipofahamu ukweli nilirudisha nyuma nikamtazama tena, maana mdudu yule alikuwepo usiku ule wa mwaka 1953, na ni kwa bahati tu kwamba sisi nasi tunaweza kuuona.

Thamani kubwa ya seti hii, kwa maoni yangu, imo katika jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita: diski ya kwanza ina miswada ya sehemu nne zilizokosekana, ambayo husomwa kwa kompyuta. Nilimwita binti yangu wa miaka 14, tukagawana wahusika, tukaisoma kwa sauti mezani. Ndipo nilipoelewa kwa nini tamthilia hii iliacha alama. Mwishoni, kiumbe aliyekuwa Carroon amejibanza ndani ya Westminster Abbey, kanisa ambalo watazamaji wale wale walikuwa wameliona kwenye televisheni Juni 2 mwaka ule ule, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa. Kiumbe huyo alikuwa mikono ya Kneale mwenyewe, imevishwa glavu zilizobandikwa majani na kupenyezwa kwenye picha kubwa ya kanisa hilo. Lakini Quatermass hamuui kwa silaha. Anazungumza na wanaanga watatu waliomezwa ndani yake, akiwasihi wakumbuke kuwa wao ni binadamu na wakatae. Filamu iliyotengenezwa na kampuni ya Hammer mwaka 1955 kutokana na tamthilia hii ilimaliza kisa hicho kwa umeme, na kwangu mimi hapo ndipo ilipopoteza roho yake.

Seti hii ina pia tamthilia mbili zilizofuata. Quatermass II ya mwaka 1955 ni nzuri, ingawa si ya kiwango hicho. Quatermass and the Pit, iliyoanza kurushwa mwishoni mwa mwaka 1958, picha zake ni safi zaidi, na uigizaji wa André Morell, aliyemwigiza Quatermass humo, una utulivu wa mtu anayefikiri kweli. Ukizitazama zote kwa mfuatano, utaona jinsi zilivyoandaa njia ya Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza mwaka 1963: mwanasayansi asiyependa bunduki, na kitisho kinachozuka mitaani mwa London badala ya sayari ya mbali.

Walioko Afrika Mashariki wazingatie kwamba diski hizi ni za kanda namba 2 (kanda hapa ni eneo la dunia ambalo mashine zake ndizo zinazoruhusiwa kucheza diski hiyo), ilhali eneo hilo limepangiwa kanda namba 5, hivyo ni muhimu kuhakikisha kwamba mashine yako inacheza diski za kanda zote kabla ya kuagiza.

Sisi bado hatujazirudisha kabatini. Muswada wa sehemu ya sita tumeusoma mara mbili, kwa sababu mara ya pili binti yangu alitaka yeye ndiye awe Quatermass.