Nimefanyiwa upasuaji wa vifuko vya utumbo mwembamba hapa Dar: uzoefu wangu

Miaka minne tumbo langu halikunipa raha. Nikila hata maharage kidogo linajaa gesi, linanguruma, kisha maumivu yananizunguka kitovuni. Zahanati zote nilizopita, Tandika hadi Mbagala, nilitoka na dawa za vidonda vya tumbo, amiba au taifodi. Hakuna aliyeuliza kwa nini nakonda, wala kwa nini damu iko chini kila ikipimwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Safari hii tumbo lilikaza, nikatapika usiku kucha. Mwanangu akanipakia kwenye bajaji hadi hospitali moja kubwa ya mjini. Daktari wa upasuaji akaagiza CT skani, kisha akaniita nione picha mwenyewe. Utumbo ulikuwa umetokeza vifuko, vingine vikubwa kama zabibu. Akasema ukuta hulegea pale mishipa ya damu inapoingilia. Chakula kinatuama humo, bakteria wanazaliana na kula vitamini B12 yangu. Kumbe ndiyo damu kupungua, ndiyo ganzi nyayoni!

"Wengi wanavyo bila kujua, hao hatuwapasui," akaniambia. "Vyako, mama, vimeshaziba njia."

Walikata kipande chenye vifuko, kama sentimita 40, wakaunganisha ncha mbili. Niliogopa utumbo hautatosha, lakini ule mwembamba una mita kadhaa, hicho ni kidogo.

Kidonda nilikivumilia. Mpira wa puani ndio ulionitesa, koo lilikauka hata mate hayamezeki. Nesi wa asubuhi alikuwa akiniinamia sikioni: "Mama, umeshatoa hewa?" Hewa ikitoka, ndiyo dalili utumbo umeanza kazi tena. Siku ya nne nikamjibu ndiyo, akapiga makofi, akaniletea chai ya rangi vijiko vitatu. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Upasuaji na wauguzi nawapa alama zote. Upande wa malipo, hapana. Mwanangu alitumwa saa nne usiku akatafute nyuzi za kushonea kwenye maduka ya dawa, na hatukuwa tumeambiwa mapema. Mkienda, ulizeni kabla ni vitu gani mtanunua nje, muandikiwe kwenye karatasi.

Na kama una miaka sitini na kitu kama mimi, tumbo haliponi na damu haipandi, usikubali pakiti nyingine ya dawa za vidonda. Omba upigwe picha.

Huu ni mwezi wa sita tangu nipasuliwe. Maharage nakula. Sindano ya B12 bado nachoma. Ganzi ya mguu wa kulia imekwisha, wa kushoto imebaki vidole viwili.