TAHADHARI: Anayeuza plagini za Moodle "maisha yote" anakufungia mlango wa kusasisha

Wakuu, habari za jioni.

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike, maana wiki tatu zilizopita mngesoma matusi matupu. Kuna mtu anazunguka WhatsApp na Telegram akiwauzia vyuo na vituo vya masomo ya mtandaoni kifurushi cha plagini (programu ndogo za kuongezea uwezo) za Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Shilingi 150,000, plagini 40, themu (muonekano wa tovuti) juu yake, na masasisho maisha yote. Jina simtaji, kwa sababu majina anayo kama matano na sidhani kama kuna hata moja alilopewa na wazazi wake. Nitaeleza anavyofanya kazi. Hilo halibadilishi.

Mimi ni mwalimu wa TEHAMA kwenye chuo kidogo hapa Mwanza. Nafundisha, na nikitoka darasani ndiye huyo huyo ninayetunza Moodle yetu. Fundi wa seva hatuna. Kwa hiyo mtu akija na lugha ya kitaalamu na bei ya kuongeleka, mkuu wa chuo anamwona kama mvua ya kiangazi.

Alianza kwa adabu. "Shikamoo mwalimu. Naona Moodle yenu ni 4.1, mpo hatarini." Nikashtuka, kajuaje? Baadaye nimekuja kugundua si uchawi: yapo mafaili ndani ya Moodle ambayo yeyote anaweza kuyafungua kwa kivinjari na yakamwambia toleo lako. Lakini siku ile nilimwona mtu wa maana. Akatuma orodha ya plagini, akatuma picha za vyuo "alivyowahudumia", akaomba nywila ya msimamizi mkuu ili asakinishe mwenyewe. Nikampa. Ndiyo, nilimpa, msinipigie kelele, nimeshajipigia mwenyewe.

Wakati wa kulipa, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Akasema ni la dada wa ofisini. Mhasibu wetu alisita, mimi ndiye niliyemwambia tuma tu.

Sasa sikilizeni alichotuuzia. Kitu cha kwanza kwenye orodha kilikuwa "BigBlueButton Premium" kwa ajili ya madarasa ya video. Wakuu, BigBlueButton imo ndani ya Moodle yenyewe tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022. Sisi tulikuwa nayo tayari, ila ilikuwa imezimwa, kwa sababu Moodle inataka msimamizi aiwashe na kukubali masharti kwanza. Alichofanya ni kuiwasha. Kisha akaiacha iende kwenye ile seva ya bure ya majaribio, ambayo inakubali watu 25 tu na dakika 60 kwa kila kipindi. Kwa hiyo darasa likifika saa moja linakatika, wanafunzi wanapiga simu, mimi nampigia yeye, naye anajibu: "Mwalimu hiyo ni laiseni ya kawaida, tuongeze muda kwa 80,000." Tukalipa. Muda haukuongezeka, akasema mtandao wetu ni dhaifu.

Kitu cha pili ni "H5P Pro". Shughuli ya H5P, ile ya maswali na mazoezi ya kubofya, imo ndani ya Moodle tangu 3.9, mwaka 2020. Cha tatu plagini ya mahudhurio, cha nne ya vyeti. Hizo mbili kweli huwa unaziongeza mwenyewe, lakini zipo kwenye saraka rasmi ya plagini ya moodle.org, bure kabisa, na kila toleo jipya likitoka linawekwa hapo hapo. Hata themu nzuri za bure zipo, kama Moove na Boost Union. Nilizihesabu zile 40 baadaye: 31 zilikuwa za bure kwenye saraka, kadhaa zimo ndani ya Moodle yenyewe, zilizobaki sikuweza kujua zimetoka wapi, na hizo ndizo zilizoninyima usingizi.

Niwe mkweli, kuuza kitu cha bure peke yake si kosa. Moodle iko chini ya leseni ya GPL, na leseni hiyo inamruhusu mtu kusambaza na hata kutoza pesa. Kama angesema "nakutoza kwa kazi ya kusakinisha", ningemlipa na kumshukuru. Wizi uko kwenye alichokifanya ndani ya mafaili.

Tulipotaka kupanda kutoka 4.1 kwenda 4.5 ndipo tulipokwama. Nilifanya yanayotakiwa: PHP ya seva, lugha inayoiendesha Moodle, ikapandishwa hadi 8.1 kwa sababu 4.5 haikubali chini ya hapo, MariaDB (programu ya kanzidata) ikaangaliwa, nakala ya kanzidata na ya folda ya moodledata (yenye mafaili yaliyopakiwa) zikahifadhiwa pembeni. Ukurasa wa kukagua plagini ukaonyesha kwamba mahudhurio hayana sasisho lolote. Ajabu, maana kwenye saraka toleo la 4.5 lilikuwepo. Nikalipakua, nikaliweka juu ya lile la zamani. Moodle ikakataa kata kata: haiwezi kushusha toleo. Kushusha? Mimi si napandisha?

Nikampigia. Akacheka kidogo. "Ndiyo maana tunawauzia masasisho, mwalimu. Hii ni toleo maalumu. 120,000 nawapandishia." Mtu aliyeniahidi masasisho maisha yote!

Aliyenifumbua macho ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili, ambaye nilimkalisha hapo kwa sababu kiti kilikuwa wazi tu. Akafungua faili la version.php ndani ya folda ya mahudhurio akaniuliza, "Mwalimu, hii 2099 ni nini?"

Kwa wasiojua: kila plagini ya Moodle ina faili hilo, na ndani yake kuna namba ya toleo inayoandikwa kwa tarehe, mwaka mwezi siku, na tarakimu mbili mwishoni. Plagini iliyotoka Oktoba 2024 itaanza na 202410. Yetu ilisomeka 2099010100. Januari mosi, mwaka 2099. Jamaa alikuwa amechukua plagini ya bure, akabadilisha namba tu. Moodle ikilinganisha na saraka inaona iliyopo kwako ni mpya kuliko zote duniani, kwa hiyo haikuonyeshi sasisho. Ukileta ya kweli, inaiona ni ya zamani, inaigomea. Unabaki na plagini iliyoganda, na mwenye ufunguo ni yeye peke yake. Tulikuta 14 zimefanyiwa hivyo.

Nawaomba msikimbilie kubonyeza kitufe cha kuondoa plagini. Nilikuwa nimekaribia kabisa. Ukiondoa moduli ya shughuli kupitia Moodle, inafuta na majedwali yake kwenye kanzidata, yaani mahudhurio yote ya mihula miwili yangekwenda, na kwetu mahudhurio ndiyo yanayoamua nani anaingia kwenye chumba cha mtihani. Nadhani wengi waliouziwa wamepotelea hapo, na yeye anajua.

Tulivyojinasua ni hivi. Kwanza tukatengeneza nakala ya mfumo mzima kwenye kompyuta nyingine, kila kitu tukakijaribu huko. Saraka ya plagini inatunza pia matoleo ya zamani, kwa hiyo kijana akapakua kadhaa na kuyalinganisha na folda yetu faili kwa faili, mpaka tukajua jamaa alianzia toleo gani. Folda yake tukaitoa nzima, hatukubandika juu, maana mafaili ya zamani yakibaki yamechanganyika na mapya yanazaa makosa ya ajabu. Tukaweka folda ya asili. Halafu kwenye kanzidata, jedwali la mdl_config_plugins, kuna mstari unaotunza namba ya toleo ya kila plagini. Tukairudisha iwe namba halisi ya toleo alilonakili. Angalieni hapo: si namba ya toleo jipya kabisa, ni ya lile la zamani alilonakili. Ukiandika ya jipya, Moodle itadhani mabadiliko ya majedwali yalishafanyika, itayaruka, na utakuja kuona vikwazo mbele ya safari. Tukasafisha kashe (kumbukumbu za muda), tukaweka toleo la 4.5, ukurasa wa taarifa ukaendesha masasisho wenyewe. Mahudhurio yakabaki salama. Nilikaa chini sakafuni, siwafichi.

Zile ambazo hatukujua asili yake tulizifuta bila huruma. Mbili kati yake zilikuwa na msimbo (maandishi ya programu) uliofichwa kwa base64, yaani kugeuzwa herufi zisizosomeka, na kuendeshwa kwa amri ya eval, na hakuna mtu mwenye nia njema anayeficha msimbo ndani ya plagini ya GPL.

Kama umewahi kumpa mtu huyu, au yeyote, nywila ya msimamizi, kubadilisha nywila hakutoshi. Sisi kwenye orodha ya wasimamizi wakuu tulimkuta "Msaada Mfumo" ambaye hakuna aliyemsajili. Kwenye upande wa huduma za wavuti kulikuwa na tokeni (ufunguo wa kuingilia bila nywila) ya akaunti yangu mimi mwenyewe, na tokeni, kwa mipangilio ya kawaida ya Moodle, haifi kwa sababu tu umebadili nywila. Ifute kwa mkono. Angalia pia sehemu ya muonekano panapoongezwa HTML ya ziada, maana kipande cha skripti kikiwekwa pale kinapakiwa kwenye kila ukurasa, hata wa kuingilia. Kwetu hapo palikuwa patupu, namshukuru Mungu. Mle ndani kuna majina na namba za simu za wanafunzi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitamuuliza yeye kwanza, itauliza chuo.

Jambo jingine, jamaa huyu anaishi kwa makosa madogo ambayo kila mtu anakutana nayo. Nimewakumbuka wenzangu waliolipa 50,000 kwa haya:

Plagini uliyoipakua kutoka GitHub (ghala la msimbo mtandaoni) inagoma. Mara nyingi ni jina la folda. Faili la zip la GitHub likifunguka, folda inakuwa na jina refu lenye mkia wa "main" au namba. Ipe jina lake fupi, kwa mfano attendance, uiweke ndani ya folda ya mod.

Moodle inasema plagini haipo kwenye diski. Maana yake folda imehamishwa au imefutwa, lakini kanzidata bado inaikumbuka. Irudishe mahali pake. Data haijaenda popote.

Ukurasa mweupe baada ya kusasisha. Washa ripoti za makosa kwenye config.php, faili la mipangilio ya Moodle, usome mstari wa kwanza. Kwetu mara zote ilikuwa plagini ya zamani isiyopatana na PHP mpya. Na kabla hujapandisha Moodle, soma kwenye saraka kama kila plagini yako ina toleo la Moodle unakokwenda. Isiyo nayo, subiri au iache.

Hayo matatu ni kazi ya nusu saa na kikombe cha chai.

Kuhusu pesa, tumepoteza jumla ya 280,000, maana kulikuwa na "marekebisho" mengine ya 50,000 katikati. Nilimpigia nikiwa na ushahidi wa ile 2099. Akasema "mwalimu unanivunjia heshima", akanifungia. Namba yake tumeituma kwenda 15040 ile ya kuripoti utapeli, na mkuu wa chuo amefungua jalada polisi, kwa sababu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kumo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hifadhini ujumbe wake na risiti za miamala, msifute kwa hasira kama nilivyotaka kufanya.

Mkitaka kujua kama mmeshaguswa, fungueni version.php ya kila plagini ya kuongezwa mkaangalie mwaka. Ukiona mwaka ambao wajukuu zako ndio watauona, ni yeye.

Jana mwalimu wa chuo jirani alinipitia ofisini akanionyesha simu yake. Namba mpya, picha ya wasifu ni ya mdada aliyevaa suti. "Shikamoo mwalimu. Naona Moodle yenu ni 4.1, mpo hatarini." Bei imepanda, sasa ni 250,000.